Kurasa za Stoo ya Rekodi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Daktari wa Eldoret amepiga simu tena. Anataka mafaili ya watu wote waliowahi kukatwa kipande cha tezi hapa kwetu, hasa wale walioanzishiwa dawa za TB ilhali vimelea havikuonekana. Nikamwuliza tangu mwaka gani. "Tangu stoo yenu inapoanzia, Madam." Hajawahi kuiona stoo yetu. Mafaili ya kabla ya kompyuta yamefungwa kwa kamba, yamepangwa kwa namba ya mgonjwa wala si kwa ugonjwa, na yale ya rafu ya chini yamegandana kwa unyevu. Kumtafuta mtu mmoja humu ni kazi ya dakika. Kutafuta ugonjwa ni kufungua kila jalada.

Anachowinda kinaitwa ugonjwa wa Castleman. Nimebandika jina juu ya meza nisilisahau. Mwenzangu wa zamu akauliza kama huyo ni mgombea wa useneta wa Nakuru.

Vibali vipo: barua ya kamati ya maadili ya Eldoret na leseni ya utafiti ya NACOSTI. Nimezisoma mpaka mwisho. Majina hayatoki humu. Itatoka namba, umri, jinsia, na kilichoandikwa na maabara.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesoma makala alizonitumia, kamusi ya tiba kando. Benjamin Castleman alikuwa mwanapatholojia wa Massachusetts General Hospital, kule Boston. Mwaka 1954 alieleza kisa kimoja. 1956 akakusanya wagonjwa 13 waliokuwa na uvimbe kifuani, uvimbe ambao mtu angeudhania ni wa tezi ya thaimasi. Chini ya hadubini aliona mpangilio wake mwenyewe: kiini cha tezi kimesinyaa, na seli zimejipanga duara juu ya duara kukizunguka, mfano wa kitunguu kilichokatwa kati. Mara nyingine mshipa mwembamba wa damu hupenya moja kwa moja hadi kiini.

Kilichonichosha ni kugundua kwamba jina ni moja na maradhi si moja. Kuna mtu anayevimba tezi za mahali pamoja tu. Anapasuliwa, uvimbe unatolewa, anarudi nyumbani. Kuna anayevimba tezi mwili mzima, shingo, kwapa na kinena, kwa sababu ya virusi vya HHV-8, vilevile vinavyoleta saratani ya Kaposi. Na kuna anayevimba mwili mzima hivyohivyo, ukimpima virusi havipo, na hadi leo hakuna aliyeeleza kwa nini. Wote watatu, kipande chao kikiwekwa kwenye kioo, kinaweza kuonyesha maduara yaleyale. Kumbe umbo la tezi halitoshi kukuambia chanzo. Linakuambia tu kwamba kuna kitu kimeamrisha kinga ya mwili ifanye kazi kupita kiasi.

Kitu hicho chenyewe, au kimojawapo, kilipatikana Japani. Mwaka 1989 Yoshizaki, Kishimoto na wenzao walionyesha kwamba tezi za wagonjwa hawa zinamwaga protini ya intalukini-6. Kwa kiasi chake ina faida, kwani ndiyo inayouambia mwili upandishe homa na utengeneze kingamwili. Ikizidi, mtu anaungua homa, analowa jasho usiku, anakonda, damu inapungua, wengu na ini vinavimba, miguu inajaa maji.

Nimeisoma orodha hiyo mara mbili. Kila dalili iliyomo naijua kutoka kwenye mafaili yangu, na kando yake pameandikwa TB.

Jumamosi, 15 Machi

Leo zamu ni nusu siku. Mvua ya mawe imepiga saa tisa kama kawaida yake, nikabaki ofisini nikisoma habari za David Fajgenbaum.

Huyu alikuwa mwanafunzi wa udaktari Chuo Kikuu cha Pennsylvania alipougua mwaka 2010, aina ile isiyo na virusi wala chanzo. Viungo vyake viligoma kimoja baada ya kingine. Alikaribia kufa zaidi ya mara moja. Mwaka 2012 alianzisha mtandao wa utafiti wa Castleman, na alipoona dawa ya kuzuia intalukini-6 haimshiki, akachukua damu yake mwenyewe aliyokuwa ameihifadhi, akaipima, akaona njia fulani ya mawasiliano ndani ya seli iitwayo mTOR imewaka kupita kiasi. Dawa ya kuituliza ilikuwepo tayari, sirolimasi, ya watu waliopandikizwa figo. Akaimeza. Kitabu chake kilitoka 2019, naye yu hai. Februari mwaka huu yeye na wenzake wameandika tena, safari hii kuhusu mgonjwa aliyekuwa amekata tamaa akasaidiwa na adalimumabu, dawa ya baridi yabisi, ambayo programu ya kompyuta ndiyo iliyoipendekeza baada ya kupitia maelfu ya dawa zilizopo.

Namvulia kofia. Ila nilipokuwa nikisoma kuhusu damu yake iliyohifadhiwa kwenye jokofu, nilifikiria jokofu letu la maabara na jenereta linalonguruma kila stima ikipotea. Mtu anayetafuta chanzo cha ugonjwa anahitaji kwanza vitu visivyoharibika.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepanda matatu hadi Kapkatet kumwona mzee aliyestaafu, aliyekuwa daktari wa kliniki kwenye hospitali ya mashamba makubwa ya chai Kericho. "Chamgei," nikamsalimu. "Chamgei mising. Keti, msichana wangu." Mke wake akaleta chai kabla sijaeleza nimefuata nini.

Nilimwuliza zamani walifanya nini mtu akija na mitoki mwili mzima.

"Tulimpa dawa za TB."

"Na asipopona?"

"Basi ilikuwa TB sugu."

"Na akipona?"

"Ilikuwa TB, si ndiyo?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akawa makini. "Usituhukumu. Wengi walikuwa nayo kweli. Na mtu wa kukata tezi hatukuwa naye, na wa kuisoma alikuwa Nairobi. Jibu lilikuja mgonjwa akiwa amekwisha kuzikwa kwao."

Akanihadithia madaftari. Hospitali za mashamba ziliandika kila mgonjwa, kila siku, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu mwajiri alitaka kujua nani hakwenda kazini. Hakuna aliyefikiria sayansi. Baadaye wanasayansi wakaja kuyatafuta. Hili nalijua, na nimelihakikisha jioni: makala ya 1998 kuhusu kurudi kwa malaria nyanda za juu ilitegemea rekodi za hospitali ya Brooke Bond Kericho, na ubishi uliofuata, uliofika hadi jarida la Nature mwaka 2002, kuhusu kama joto la dunia ndilo lililoipandisha malaria milimani, ulipiganwa kwa madaftari hayohayo na vipimo vya hali ya hewa vya mashamba yaleyale. Madaktari wa dunia nzima wakiulizana kuhusu hesabu iliyoandikwa na karani fulani kwa kalamu ya wino.

Mzee alinipa viazi vya kubeba. Mke wake akaongeza sukumawiki.

Jumatano, 2 Aprili

Leo ugonjwa umekuja kwa miguu yake.

Mama wa miaka arobaini na kitu, mvunaji chai kutoka upande wa Konoin, analipwa kwa kilo. Alimaliza dawa za TB mwaka jana. Alipata nafuu kidogo, halafu homa ikarudi, ikaondoka, ikarudi. Yuko kwenye ARV miaka mingi na kipimo chake cha virusi vya ukimwi ni kizuri, virusi havionekani. Ndiyo maana kila aliyemwona hakuelewa. Shingoni na kwapani tezi zimesimama. Daktari alipomlaza akagusa wengu chini ya mbavu.

Mimi nimemwona dirishani kwangu, akitafuta kadi.

"Dada wa mafaili," akaniambia, "yangu ni lile nene."

Ni nene kweli. Nimelisoma lote, kazi inaniruhusu. Ndani kuna picha za kifua, makohozi yaliyopimwa kwa GeneXpert mara kadhaa bila kuonyesha TB, damu iliyopungua, akaongezewa, ikapungua tena. Hakuna aliyewahi kukata tezi. Sisemi kwa lawama. Kila aliyemwona aliona ukurasa wake mmoja, na mimi peke yangu ndiye ninayeziona kurasa zote kwa pamoja.

Nilimpigia daktari wa Eldoret. Akauliza swali moja tu: tezi ipi ni rahisi kuifikia? Kesho anapasuliwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Kipande kimekwenda Eldoret ndani ya fomalini, kwenye kichupa chenye mfuniko niliouzungushia utepe mwenyewe, maana makondakta hawaulizi kilichomo. Wanapaswa kukigandisha kwenye nta, kukikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, kukipaka rangi za kawaida, kisha rangi maalum ya kutafuta protini ya HHV-8 inayoitwa LANA. Bila rangi hiyo ya mwisho, maduara ni maduara tu.

Nimesoma makala ya Malawi, iliyotoka 2015. Kule Lilongwe, baada ya kuanzisha maabara ya patholojia na mikutano ya kila wiki na wenzao wa ng'ambo kwa njia ya kompyuta, walianza kuwapata wagonjwa wa Castleman yenye HHV-8, mmoja baada ya mwingine, pahali ambapo mwanzo haikuhesabika kuwepo. Wagonjwa hao walifanana na wa TB kwa kila kitu.

Hapa ndipo kichwa changu kimekwama wiki nzima, wacha niandike nione. Chanzo cha aina hii kinajulikana. Yuan Chang na Patrick Moore waliviona virusi hivyo New York mwaka 1994, kwenye saratani ya Kaposi. Mwaka uliofuata watafiti wa Paris wakavikuta kwenye tezi za Castleman. Virusi hivyo vimebeba jeni yao vyenyewe ya kutengeneza intalukini-6 ya bandia, inayodanganya mwili. Kwa hiyo mlolongo mzima, kutoka kirusi hadi homa ya saa nane za usiku, umeandikwa. Kule Marekani mgonjwa wa aina ile nyingine ana jina, ana mtandao wa utafiti, ana siltuksimabu iliyoidhinishwa 2014, na kinachokosekana ni chanzo. Hapa kwetu chanzo kiko vitabuni, na anayekosekana ni mgonjwa. Yuko kwenye foleni ya TB.

Watu wanasema ugonjwa huu ni nadra. Nadra kwa hesabu ya nani, kama tezi hazikatwi?

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka, nyumbani Bomet. Mursik, ugali, mbuzi. Kogo, yaani bibi, alikuwa amempakata mtoto wa dada yangu, akatafuna kipande cha nyama mpaka kikalainika, akakitoa na kumtia mtoto mdomoni. Kila mtu kwenye chumba hiki alilelewa hivyo, mimi nikiwemo. Nilikaa kimya, kwa sababu hakuna la kusema lenye maana, lakini jicho langu liliganda pale.

HHV-8 husafiri zaidi kwa mate. Uganda, kwenye eneo la Kyamulibwa ambako watafiti wamewafuatilia watu tangu mwaka 1989, watu wazima walio wengi sana wana kingamwili dhidi yake, na waliambukizwa utotoni. Wengi hao hawaumwi kamwe. Virusi vinalala ndani ya seli za damu maisha yote, na kinga ikivikalia havina la kufanya. Kwa hiyo hata kumjua kirusi si kujua chanzo chote. Kama karibu kijiji kizima wanacho na mmoja tu anavimba tezi, basi swali linahama: kwa nini huyu?

VVU ni jibu kubwa, ila si lote, kwa sababu mama wa Konoin, kama kweli ndicho anachougua, ameumwa kinga yake ikiwa imerudi. Malaria imetajwa pia. Uganda waliona kwamba wenye vimelea vya malaria huelekea zaidi kuwa na kingamwili za HHV-8. Na makala ya 2021 kuhusu watoto wa magharibi mwa Kenya imeihusisha malaria na kupata maambukizi yenyewe. Sasa hapa kwetu ni baridi. Lakini mashamba ya chai ya Kericho yalijazwa na watu wa kutoka pande zote, wengine kutoka ziwani ambako mbu hawapumziki, wakaishi kambi moja na Wakipsigis wa milimani, wakanywa chai kikombe kimoja. Mtu akitaka kupima kama utoto wa malaria unabadilisha uzee wa tezi, sidhani atapata mahali pazuri kuliko hapa. Nimeliandika wazo hili kwenye barua kwa daktari wa Eldoret, nikalifuta, nikaliandika tena.

Shemeji aliuliza ninawaza nini. Nikamwambia bonasi ya chai.

Jumatatu, 5 Mei

Daktari wa Eldoret amejibu. Anasema wazo si baya, na akanikumbusha kwamba Kericho iliwahi kuwa na kundi la watu wa kufuatiliwa la namna hiyo. Kati ya 2003 na 2006 taasisi za utafiti za KEMRI na Walter Reed zilifuatilia watu zaidi ya 2,800 wa mashamba ya chai ili kujua kama chanjo ya VVU ingeweza kujaribiwa hapa. Takriban asilimia 14 walikuwa na virusi walipoandikishwa. Kuanzia 2009 Kericho ikawa mojawapo ya vituo vya utafiti wa kuwakamata watu siku za mwanzo kabisa za maambukizi, na 2013 ikaingia kwenye ule mkubwa wa nchi kadhaa unaoitwa AFRICOS.

Iliwezekana kwa sababu watu walikaa. Nyumba ya shamba, shule ya shamba, hospitali ya shamba. Mtafiti akirudi baada ya miezi sita anamkuta mtu mlango uleule. Hali hiyo inakwisha. Mashine za kuvuna zimechukua kazi ya mikono mingi, na Mei 2023 watu walizichoma moto kwa hasira. Wavunaji waliobaki wengi ni vibarua, leo Konoin, kesho Nandi Hills. Na tangu amri ya Marekani ya Januari iliyosimamisha misaada, kila mtu wa miradi ya ukimwi ninayemjua anazungumza kwa sauti ya mtu anayesubiri barua.

Sitaki kuyalilia maisha ya kambini, nimezaliwa nikiyaona. Chumba kimoja, familia mbili, moshi. Lakini ni kweli pia kwamba baadhi ya rekodi bora za afya vijijini Kenya ziliandikwa mle, na hakuna aliyepanga zitaandikwa wapi kambi zikifungwa.

Jumamosi, 17 Mei

Nimevipata vitalu!

Nilikuwa nimekata tamaa na karatasi. Faili linasema "TB ya tezi, mgonjwa ameanza dawa," nukta. Hata kama daktari wa zamani alikosea, karatasi haiwezi kukwambia. Leo fundi wa maabara aliponisikia nikilalamika, akanivuta hadi chumba cha nyuma, nyuma ya vitanda vibovu. Makatoni. Ndani yake vitalu vidogo vya nta, kila kimoja na kipande cha mtu katikati na namba pembeni, vilivyorudishwa kutoka maabara za nje pamoja na majibu. Wengi wangevitupa. Yeye anasema alifundishwa na mwalimu wake chuoni kwamba nta haitupwi.

Vingine vina umri wa kumaliza shule ya upili. Daktari wa Eldoret alipiga kelele kwenye simu. Kipande kilichogandishwa kwenye nta kinaweza kukatwa upya na kupakwa rangi ya LANA leo, na kitajibu. Kwa hiyo swali ambalo mzee wa Kapkatet hakuweza kulijibu, kwamba wale waliokufa wakinywa dawa za TB walikuwa na nini, kwa baadhi yao lina jibu, limekaa nyuma ya vitanda vibovu.

Tumefanya kazi mpaka giza, mimi nikisoma namba, yeye akizipanga. Panya wamekula kona za makatoni. Nta hawakuigusa.

Ijumaa, 30 Mei

Majibu yamekuja mawili kwa siku moja.

Mama wa Konoin: maduara yapo, LANA imeshika. Ni Castleman ya HHV-8. Anapelekwa Eldoret kwa rituksimabu, na kabla ya hapo wamemkagua ngozi na mdomo wote, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuiamsha saratani ya Kaposi kama imejificha mahali. Hawakuona kitu. Karatasi za bima ya afya, SHA, nimezijaza mimi mwenyewe leo asubuhi, kisha nikazijaza tena kwa sababu mfumo ulizimika. Mume wake aliniuliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza watoto. Nilimwambia amwulize daktari, lakini nikamwambia pia wasimtengee mama vyombo.

Mafungu ya kwanza ya vitalu vya zamani: wengi walikuwa na TB kweli, tezi zimeoza katikati jinsi inavyotakiwa. Mzee wa Kapkatet alisema kweli, nami nitampigia simu kumwambia. Wachache ni limfoma, na hilo linauma, maana baadhi ya limfoma zina tiba. Vichache sana vimewekwa kando kurudiwa. Daktari hataki kuvisemea kitu kabla ya rangi ya pili, na amenikataza nisivitaje kwa mtu.

Sasa anataka vitalu vya 2009 hadi 2012. Viko kwenye kabati la chuma, na ufunguo anao mhasibu, ambaye ameshaondoka kwenda kwao Sotik na hatarudi mpaka baada ya sikukuu ya Madaraka.